Masanduku Meupe ya Satellite

Msanifu majengo hajui nyumba mpaka ainame. Kasiva alilisema neno hilo kwa miaka kumi na minne, akilisema kimoyomoyo, maana aliyemwandika kazi ni msanifu.

Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba ndogo. Nyumba za kadibodi na mbao nyembamba, ukuta wake mwembamba kama ukucha, zinazowekwa juu ya meza ili tajiri alione jumba lake kabla halijachimbiwa msingi. Wasanifu huziita vielelezo. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya sita, mtaa wa Muindi Mbingu, katikati ya jiji, na huko mbele kulikuwa na vioo kutoka sakafuni hadi darini. Wasanifu wanane walikaa hapo mbele wakizungumzia mwanga wa asili. Kasiva alikaa nyuma, chumba kilichopakana na choo, bila dirisha hata moja, chini ya taa ndefu iliyonguruma kama inzi aliyefungiwa chupani. Hakuna aliyewahi kuona ajabu katika jambo hilo.

Hakuwa amesoma sana. Aliacha shule darasa la sita huko upande wa Machakos, akaja Nairobi kufagia karakana ya useremala ya Mzee Gurcharan, kule Ngara. Siku moja mzee akakuta juu ya benchi kiti kilichotengenezwa kwa mabaki ya mbao, kikubwa kama kiberiti, miguu yote minne imesimama sawa.

"Beti, binti yangu, nani kafundisha wewe hii?"

"Macho tu, Mzee."

Mzee Gurcharan alikiweka kiti kile mfukoni mwa shati. Kuanzia siku hiyo ufagio ulishikwa na mtu mwingine. Alimfundisha kipimo, gundi, na namna ya kukata bila kupumua. Ndiye pia aliyempeleka kwa Debra wakati Debra alipofungua ofisi.

Huyo Debra alikuwa msanifu wa kusifiwa. Alisomea ng'ambo, akarudi na miwani ya fremu nene na maneno matatu asiyoyaacha nyumbani, kama simu: haki ya mazingira. Pale mapokezi aliandika ukutani kwa herufi za shaba, TUNAJENGA HAKI. Kila baada ya miezi miwili alipanda ndege kwenda kuwaeleza wageni jinsi Nairobi ilivyogawanywa zamani. Mzungu alipewa vilima vya magharibi, penye miti na upepo safi. Mhindi akapewa katikati. Mwafrika akapewa bondeni upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda, apumue kilichobaki. Aliyasema hayo huku picha za mitaa ya mabati zikipita nyuma yake, mitaa ambako hajawahi kununua hata nyanya. Watu walimpigia makofi, wengine walilia.

Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomkera Kasiva zaidi. Uongo ungemsumbua kidogo.

Basi akaja Kiragu. Kiragu ni mwenyeji wa mtaa wa matajiri wa Loresho, mtu wa tumbo na saa kubwa, na alitaka kujenga huko kwao nyumba arobaini za kuuza. Wakubwa wa kutoa vibali walimwambia kwanza aonyeshe takataka za nyumba hizo zitapelekwa wapi kuchambuliwa na kupakiwa. Siku ya kikao Kasiva alikuwa chini ya meza ya kikao akiipima miguu ya meza hiyo, kwa hiyo alisikia kila kitu na hakuna aliyemwona.

"Loresho haiwezekani," Kiragu alisema. "Nani atanunua nyumba ya milioni themanini anuse maganda ya ndizi? Lakini niko na ploti Satellite, imekaa tu. Kule watu wamezoea."

Kasiva alitega sikio. Alidhani sasa herufi za shaba zitasema kitu.

"Tunaweza kuifanya iwe na hadhi," Debra akajibu. "Tuiite Kitovu cha Kijani. Tuweke mianzi mbele. Iwe kama zawadi kwa jamii."

Zawadi. Kasiva alibaki chini ya meza akitazama viatu vyao: vya Kiragu vyeusi, vya Debra vyekundu vyenye visigino. Aliijua ploti ile ya mtaa wa Satellite. Upande mmoja imepakana na shule ya chekechea. Nyuma ya shule hiyo, hatua arobaini kutoka ploti, kuna nyumba za kupanga za Mzee Wachira, na chumba cha tatu kutoka getini ndicho anacholala yeye na mume wake Were.

Were alikuwa na kifua kibaya. Miaka ishirini waliishi upande wa mashariki, karibu na jalala kubwa, ambako moshi ulipanda asubuhi kama mtu anayeenda kazini. Daktari alipochoka kumwandikia dawa alimwambia, hama. Wakahamia Satellite. Mwaka wa kwanza Were alilala akiwa ameketi. Mwaka wa pili akalala kwa mito miwili. Sasa analala kwa mmoja, na Kasiva huamka kabla ya mapambazuko kusikiliza tu vile hewa inavyoingia na kutoka bila kupiga mluzi.

Jioni hiyo alimwambia wakiwa mezani.

"Wananiletea mlangoni?" Were aliuliza.

"Si mlangoni. Hatua arobaini."

"Ahaa, basi wana huruma." Akamega ugali, akaurudisha sahanini. "Na upepo wa hapa unatoka wapi?"

Alijua. Wote wawili walijua. Upepo wa Satellite siku nyingi hutoka mashariki, na ploti ya Kiragu iko mashariki mwa nyumba yao. Nguo zikianikwa huelekea Dagoretti, magharibi, kila siku, kama zinaitwa.

"Nihame tena, Kasiva? Nimebakisha kuhamia Uganda."

"Kula ugali. Huhami."

Amri ya Debra ilikuwa nyepesi. Mbao mbili. Ubao wa kwanza uwe Loresho, nyumba arobaini kwa ukamilifu, na miti mingi. Miti hutengenezwa kwa dodoki lililochovywa rangi ya kijani, na Kasiva alikata madodoki hadi vidole vikawa vya chura. Ubao wa pili uwe Satellite, kile Kitovu cha Kijani katikati, na nyumba za watu pembeni ziwe masanduku meupe, bila mlango, bila dirisha.

Hiyo ndiyo desturi ya kazi. Jengo la mteja hupewa kila kitu hadi kitasa. Majirani, ambao hawajaagiza kitu, huwa vipande vyeupe tu vya kujaza nafasi. Kasiva alikuwa ameyakata masanduku kama hayo kwa maelfu: ya South B, ya Kawangware, ya Kangemi. Hakuwahi kufikiria kuna mtu ndani yake anayekohoa. Sasa alipolifikiria alijidharau kidogo na yeye pia, akaona ni haki.

"Zisivute macho," Debra alisisitiza. "Macho yaende kwa mianzi."

Jumamosi Kasiva alikwenda Ngara. Mzee Gurcharan sasa ana miaka themanini na mbili, anatembea kwa fimbo, lakini bado hupiga randa asubuhi ili mkono usisahau. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka bila furaha.

"Babangu alitaka ploti kule juu kwa Wazungu. Pesa iko mkononi. Wakamwambia hapana, wewe rangi yako mwisho wake ni hapa. Alilia, beti, mwanaume na ndevu mpaka kifuani. Na yeye huyo huyo, chumba cha nyuma, akakataa kupangisha Mwafrika. Kila mtu alitafuta wa chini yake ampulizie moshi." Akapiga randa mara mbili. "Sasa hao wanapuliziana wenyewe. Wewe utafanya nini?"

"Wameniambia nisiweke madirisha."

"Na wewe?"

"Nataka kuweka yote. Kila nyumba iwe na uwazi ndani, mlango wake, dirisha lake. Lakini nyeupe vilevile, na paa juu, ili ukisimama uone masanduku tu."

Mzee aliweka randa chini. "Debra ataona."

"Ataona akiinama."

Hapo mzee akacheka kwa furaha. Alifungua saraka, akatoa pakiti ya vijiti vya udi vya kuchoma mbele ya picha ya mkewe marehemu, akamsukumia viwili. "Nyumba iko na mlango na dirisha, hewa lazima ipite. Jaribu."

Wiki mbili Kasiva alizunguka Satellite na futi mkononi. Alipima milango, madirisha, hata uwazi kati ya mabati na ukuta. Majirani walimchokoza.

"Mama Nekesa!" Hilo ndilo jina lake huko, kwa jina la bintiye. "Unatupima majeneza?"

"Bado. Kaeni tu bila kuuliza maswali, nitarudi kupima."

Mwenye nyumba, Mzee Wachira, alimfuata nyuma akishuku kwamba serikali imemtuma kuhusu kodi. Alipoelezwa alivua kofia, akaivaa tena, akaivua. Ni mzee wa kanisa na hapendi kutukana. Siku hiyo alijitahidi sana.

Masanduku yalikuwa mia moja na kumi na mawili. Kasiva aliyakata yote kwa wembe, madirisha madogo kama punje za mchele, akayapaka nyeupe, akayafunika mapaa. Ukisimama mbele ya meza ulikuwa mtaa uliokufa. Ukiteremsha jicho hadi kimo cha barabara, ulikuwa mtaa.

Debra alikuja kukagua akiwa kwenye simu. Alisimama dakika tatu, akazunguka ubao, akasogeza mwanzi mmoja kwa kidole chenye rangi.

"Safi sana," alisema, na haikujulikana anamwambia Kasiva au simu. Viatu vyekundu vikaondoka.

Aliyeinama alikuwa Nayan, kijana msanifu wa miaka ishirini na mitano, na aliinama kwa sababu kalamu ilimponyoka. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji.

"Aunty, hizi boksi ziko na milango."

"Ziko."

"Debra ameona?"

"Hajaangusha kalamu."

Nayan alisimama, akatazama mlango, akachukua shuka na kuufunika ubao wote vizuri kwenye pembe. "Vumbi," alisema. "Lisiingie ndani ya nyumba za watu."

Kikao cha wananchi kutoa maoni kilipangwa Jumanne saa tatu asubuhi, ndani ya hoteli moja ya katikati ya jiji, saa ambayo mtu wa Satellite yuko kazini. Tangazo lilitolewa gazetini, kwa Kiingereza, herufi kama siafu. Wenye kupanga mambo hayo wanajua wanachofanya, kisha husimama na kusikitika kwamba jamii haijitokezi. Kasiva aliliandika upya kwa Kiswahili, kwa kalamu nene, juu ya kadibodi iliyobaki, akalitundika kwenye duka la Wachira juu ya mzani wa sukari.

Wakaja watu kumi na wanane wamevaa nguo za kanisani. Bawabu wa hoteli akawaziba njia.

"Mnaenda wapi nyinyi wote?"

"Kushirikishwa," Mzee Wachira akamjibu, akapita.

Ndani kulikuwa na chai, meza ya vielelezo, na afisa wa mazingira, mama mmoja mkavu aitwaye Bi Mercyline, ambaye ndiye angependekeza kibali kitolewe au kikatazwe. Kiragu alizungumza kwanza. Alisema kituo hakitakuwa na harufu hata kidogo, teknolojia imeendelea. Debra akafuata. Alieleza historia yote, Mzungu kilimani, Mwafrika bondeni, sauti ikamtetemeka palepale inapotetemeka siku zote, akamalizia kwamba leo usanifu umekuja kuponya jeraha hilo, kwa mianzi. Were, aliyekaa safu ya mwisho, alisinzia au alijifanya.

"Kuna swali?" Bi Mercyline aliuliza.

Mzee Wachira alisimama na kofia mkononi. "Mimi nauliza tu. Hapo kwa meza, nyumba yangu iko wapi?"

Debra alitabasamu kama mtu anayempa mtoto peremende. "Mzee, hayo pembeni ni masanduku tu. Ni ya kuonyesha ujirani."

"Mzee Wachira," Kasiva aliita kutoka ukutani, alikosimama na gundi yake kama kawaida. "Njoo hapa. Inama."

Wachira akasogea, akashika goti, akainama. Ukumbi ulisikia akipumua.

"Ngai fafa, Mungu wangu! Hii si dirisha nilijenga nusu na matofali? Hata ile pembe imevunjika! Mama wa chekechea, kuja uone darasa lako!"

Wakaja wote kumi na wanane, wakaizunguka meza, makalio nyuma na nyuso chini, wakioneshana milango. Mmoja aliona mahali anapoanika nguo. Mwingine alilalamika kwamba dirisha lake limefanywa dogo, akaambiwa ndivyo lilivyo. Debra alisimama wima katikati yao kama mlingoti. Alikuwa bado hajaelewa wanatazama nini.

Kasiva hakumngoja aelewe. Alichomeka kijiti cha udi kwenye paa la Kitovu cha Kijani, akakiwasha. Pembeni ya ukumbi kulikuwa na feni ya kusimama, na Nayan alikuwa tayari ameisogeza upande wa mashariki wa ubao. Akaibonyeza kwa mwendo wa chini kabisa.

Moshi ulilala. Uliivuka mianzi bila salamu, ukaingia chekechea kwa mlango na kutokea kwa madirisha manne. Ukapita geti la Wachira, ukaingia chumba cha kwanza, cha pili. Ulipofika cha tatu ulikaa humo kidogo, maana kile kina dirisha moja tu, halafu ukaanza kutoka kidogokidogo.

"Hapo ndipo ninapolala," Were alisema. Hakuwa amesinzia.

Bi Mercyline alivua miwani, akazunguka meza, akainama. Alikaa hivyo mpaka kijiti kikafika nusu.

"Huo ni udi!" Kiragu alifoka. "Ni maigizo! Nani amemruhusu huyu mama?"

"Ni udi, kweli," Wachira akasema. "Yako itanukia namna hii? Kama itanukia namna hii mimi nitasaini sasa hivi."

Kicheko kilizuka, hata mhudumu wa chai alicheka. Bi Mercyline peke yake hakucheka. Alinyooka taratibu.

"Bwana Kiragu, takataka zinatoka Loresho. Kwa nini kituo kisijengwe Loresho?"

"Madam, na harufu? Nani atanunua..." Neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa limesikiwa na watu wote, kuanzia afisa hadi mwenye birika.

"Umesema hakina harufu," Bi Mercyline alimkumbusha, akaandika kitu.

Nje kwenye ujia Debra alimkabili Kasiva. Uso ulikuwa umevimba kwa hasira. "Miaka kumi na minne nimekulisha! Umeniaibisha mbele ya mteja. Ungekuja uniambie, mimi ni mtu wa haki, ungeniambia tu!"

"Ulikuja kukagua," Kasiva alisema. Akaenda kuchukua kisu chake na chupa ya gundi.

Alirudi Ngara kwa Mzee Gurcharan, kutengeneza makabati ya jikoni. Miezi mitatu ikapita, na kila asubuhi Were alikwenda kusimama ukingoni mwa ile ploti kuona kama kuna tingatinga. Mwezi wa nne barua ikafika kwa Wachira, naye akaisoma kwa sauti dukani, hadi tarehe na muhuri. Kibali cha Satellite kimekataliwa. Anayetaka nyumba arobaini achambue takataka zake ndani ya ua wake mwenyewe. Jioni hiyo Were alianika shati lake la Jumapili, ambalo halikuwa limefuliwa, alitaka tu kuliona likipepea.

Wiki mbili baadaye Nayan alitokea karakanani na michoro kwapani. Kasiva aliitandaza juu ya mbao. Ilikuwa ya kituo kilekile, cha Kiragu, sasa kikiwa Loresho. Aliitazama, akaitazama tena. Ukuta ulikuwa mara mbili. Milango ilijifunga yenyewe. Kulikuwa na chujio la hewa refu kuliko jengo, tangi la maji machafu chini ya ardhi, na sakafu ya kuoshwa mara tatu kwa siku. Mwanzi haukuwepo hata mmoja.

Kwenye mchoro wa Satellite palikuwa na bati, uzio, na mianzi.

"Kumbe walijua kuijenga," Kasiva alisema.

"Walijua, Aunty. Ilichorwa siku tisa." Nayan alikuwa ameinamisha kichwa. "Debra anaomba urudi utengeneze kielelezo. Amesema majirani wote wa Loresho wawe na madirisha. Na... ile picha ya moshi iliyopigwa pale hotelini, alienda nayo ng'ambo wiki jana. Anaiita mbinu yake. Walimpigia makofi wamesimama."

Mzee Gurcharan alisema kitu kwa Kipunjabi, kifupi, ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa.

Kasiva alikunja michoro, akaifunga kwa kamba, akairudisha kwapani mwa kijana, bila ukali.

"Mwambie nimesikia. Kama anataka kielelezo aje hapa mwenyewe tuzungumze, ubao nitauweka kwenye meza ile pale."

Nayan aliitazama meza aliyoonyeshwa. Ilikuwa meza ya kawaida tu, kimo cha kiuno, ya mtu kutazama akiwa amesimama wima. Mzee Gurcharan naye aliitazama. Halafu alishusha msumeno ukutani, akajikokota hadi pale, akaigeuza miguu juu, na kwa penseli akaweka alama kwenye kila mguu, shubiri moja na nusu kutoka mwisho.

"Shika hapa, beti," alisema. "Isitikisike."